Jumatano Sita za Dorika

Dorika Ntandu alikaa benchi la mwisho la kanisa letu kwa miaka ishirini na tisa, upande wa wanawake, karibu na mlango, na mimi ndiye niliyemweka hapo. Ninalisema hili mapema ili msomaji asije akanihesabu miongoni mwa watu wema wa habari hii. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na pia katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Kazi ya katibu ni kuandika. Wazee walipoamua kumtenga, niliandika jina lake kwenye daftari kwa mwandiko ule ule niliowafundishia watoto wa darasa la kwanza, na mbele ya jina nikaandika kosa: ameolewa nje ya kanisa. Nakumbuka niliona fahari kwamba mstari haukupinda.

Kijiji chetu kiko upande wa Ilongero. Tunalima uwele, mtama na alizeti, tunafuga ng'ombe kidogo, na tumechanganyika, Walutheri na Waislamu, hata ndani ya ukoo mmoja. Siku ya msiba hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa dini gani. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika. Ni kwenye ndoa tu ndipo tunapokumbuka ghafla kwamba hatusali pamoja. Dorika alikumbushwa hilo alipompenda Swalehe Nkuwi, mrina asali aliyekuwa na mizinga yake ndani ya msitu wa Mgori. Walifunga ndoa bomani, mbele ya mkuu wa wilaya, kila mmoja akabaki na dini yake. Walipotoka mjini walikuja kijijini wamepanda baiskeli moja, na sisi wazee tukakutana jioni ile ile.

Kwa asiyejua mambo yetu, aliyetengwa hafukuzwi. Anaingia kanisani, anaimba, anatoa sadaka, anafagia zamu yake ikifika. Lakini Chakula cha Bwana kikiandaliwa, yeye hasogei. Hasimamii ubatizo wa mtoto. Akifa kabla ya kurudishwa kundini, kengele haipigwi, mchungaji havai joho, na ndugu wanamzika wenyewe kwa sala wanazozijua. Wengi wakitengwa wanakasirika, wanahamia kwenye makanisa mengine yanayopokea kila mtu bila kuuliza. Dorika hakukasirika. Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa benchi la mwisho, na meza ilipoandaliwa akatoka nje taratibu. Akafanya hivyo mpaka watu wakamzoea kama wanavyozoea ufa ukutani.

Swalehe ndiye aliyekuwa akimleta. Kutoka kwao mpaka kanisani ni kilomita nne, na alimbeba kwenye baiskeli kila Jumapili, akamshusha, kisha akaenda kukaa kwenye kibanda cha fundi baiskeli mpaka tumalize. Siku moja, nikiwa na hasira zangu za kawaida, nilimuuliza kwa nini anajichosha kumleta mke wake kwa watu waliomkataa. Alifikiri kwanza. Akasema Jumapili mama Rukaiya, ndivyo alivyomwita mkewe kwa jina la binti yao, huwa analala vizuri. Nikamuuliza bei ya asali.

Dorika alikuwa na sauti. Kwaya haikuruhusiwa kumchukua, kwa hiyo aliimba sauti ya pili kutoka benchi lake, na wanawake waliokuwa karibu naye wakajifunza kumfuata. Ilisikika zaidi wakati wa Kwaresima. Sisi kwa desturi yetu tukiingia Kwaresima tunaweka ngoma stoo na kinanda tunakifunika kitambaa, tunaimba kwa midomo tu mpaka Pasaka. Wiki zile nyimbo zilianzia mbele kwa kwaya na kuegemea nyuma kwa Dorika. Mchungaji mmoja mgeni aliwahi kuniuliza ni nani yule mama wa nyuma anayewabeba wenzake. Nilimwambia ni mtengwa.

Kila Kwaresima alikuwa akialikwa kurudi, maana kwetu wanaotaka kurudi kundini wanafundishwa Jumatano za Kwaresima, Jumatano sita, kisha Alhamisi Kuu wanasimama mbele, wanatubu kwa maneno, na jioni ile ile wanakula Chakula cha Bwana pamoja na wengine. Mwinjilisti wetu, Fabiano, mtu mpole asiyejua kusukuma, alimwendea mwaka baada ya mwaka. Jibu la Dorika halikubadilika. Alisema hawezi kutubu asubuhi jambo atakalolirudia jioni. Wazee tulipoletewa jibu hilo mara ya kwanza tulicheka, halafu tukakasirika kwa sababu tulikuwa tumecheka.

Swalehe alikufa kwa presha miaka mitatu iliyopita. Tulimzika siku ile ile, jua likiwa bado juu. Baada ya hapo nilidhani Dorika atakuja upesi, kwa kuwa hakukuwa tena na jambo la kurudia jioni. Hakuja. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Alikuja Kwaresima ya mwaka jana, na alikuja kwa sababu koo lilikuwa linaziba.

Ilikuwa Jumatatu, siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu. Alifika kwangu na binti yake, Rukaiya, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti mjini Singida na alikuwa ameacha kazi ili amuuguze mama. Walikuwa wametoka Dar es Salaam kwa madaktari. Saratani, imeenea, wamrudishe nyumbani. Dorika alikuwa bado anaongea, kwa sauti ya mikwaruzo. Alisema ugali haupiti tena, mlenda haupiti, sasa anakunywa uji mwepesi kwa kijiko na hata huo unasimama njiani. Alisema anataka kula Chakula cha Bwana kabla njia haijafungwa. Akauliza kama mchungaji anaweza kuja nyumbani kwake wiki ile.

Angeweza. Mgonjwa anapewa sakramenti kitandani, na mgonjwa wa kufa anaweza kurudishwa kundini kwenye mkeka wake mbele ya wazee wawili. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini. Nilichofikiria ni watu. Nilifikiri watasema mama huyu amekaa nje miaka ishirini na tisa, sasa anapitishwa dirishani. Nilimfikiria Laurenti, aliyekuwa amemwacha mke wake wa pili mwaka huo na alikuwa anasubiri kurudi, kwamba naye atataka mchungaji aende kwake. Nikamwambia Dorika kwamba utaratibu ni Jumatano sita. Akaniuliza kama sita ni nyingi. Nikasema zinapita haraka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nina afya, nimetoka kula.

Alikubali. Kulikuwa na jambo moja tu, na hilo alilisema Rukaiya. Binti yule ana adabu; alikuwa amenipa shikamoo akiwa amepiga goti, na muda wote mama yake alipokuwa akisema yeye alitazama chini. Sasa aliinua uso.

"Mwalimu, mama nitamleta mwenyewe kila Jumatano," alisema. "Ila sitaki kusikia baba yangu akitukanwa mle ndani. Nikisikia, sitakaa."

Nilimwambia hakuna atakayemtukana baba yake. Hapo Dorika akaeleza. Anajua maneno ya kutubu, ameyasikia kila Alhamisi Kuu kutoka benchi lake. Yamo ukurasa wa kwanza wa daftari, na kwa kuwa wengi wetu tunatengwa kwa kosa la aina moja, yanasema: niliishi katika uzinzi. Hayo hatayasema. Aliolewa nje ya kanisa, ni kweli, atatubu. Aliwaumiza wazazi wake, ni kweli, atatubu. Lakini Swalehe alikuwa mume wake.

Nilichukua karatasi, nikaandika maneno mengine: kwamba nilifunga ndoa nje ya kanisa, nikawahuzunisha wazazi wangu na usharika, nikakaa mbali na Meza ya Bwana. Nikamsomea. Akaniomba nirudie. Nikarudia, naye akatikisa kichwa kukubali, na Rukaiya akatikisa cha kwake. Nikaikunja karatasi nikaiweka ndani ya daftari. Sikuwauliza wazee wenzangu wala mchungaji. Nilijiona mtu mwenye huruma, na nikalala vizuri.

Kwaresima kwetu inaangukia wakati uwele unatoa masuke na kwelea kwelea wanashuka kwa makundi. Nusu ya kijiji huwa shambani na manati na madebe, wanafukuza ndege kuanzia alfajiri. Laurenti alikosa Jumatano mbili kwa sababu ya ndege, na tukamwelewa. Binti mwingine aliyekuwa anarudi, Pendo, aliyezaa kabla ya ndoa, alikosa moja. Dorika hakukosa hata moja. Ya kwanza alikuja kwa miguu kutoka kwa dada yake aliyeko jirani na kanisa. Ya pili na ya tatu alikuja kwa bodaboda, amekaa katikati, dereva mbele na Rukaiya nyuma akimshika kiunoni. Ya nne alikuwa amepungua hivi kwamba gauni lilionekana la mtu mwingine. Nilimtazama nikasema moyoni nimwendee mchungaji, nimwambie mambo yamebadilika. Nikajibu mwenyewe kwamba zimebaki mbili tu.

Jumatano ya sita Fabiano huwa anawauliza maswali. Siyo mtihani, lakini ni desturi. Sauti ya Dorika ilikuwa imeisha, umebaki mnong'ono unaosikika na aliye karibu tu. Kwa hiyo Fabiano aliuliza, Dorika akamnong'oneza binti yake, na Rukaiya akatusemea. Nimeona mengi kanisani, lakini hilo sikuwahi kuliona: binti wa Swalehe, amejitanda ushungi wake, anatueleza kwa sauti iliyo wazi maana ya Chakula cha Bwana, na hakukosea popote. Laurenti, aliyekuwa anahangaika na jibu lake, alimwangalia kwa wivu. Hata Dorika alitabasamu. Sikumwona akitabasamu tena.

Alhamisi Kuu ibada yetu ilipangwa saa kumi alasiri. Mchungaji ana mitaa mitano, na siku ile alikuwa ameshahudumia miwili na alikuwa na mmoja mbele. Ni kijana, ana umri wa mtoto wangu wa mwisho, mchapakazi, na pikipiki yake ilikuwa imempasukia tairi njiani. Alifika amechelewa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kanisa lilikuwa limejaa. Madhabahu ilikuwa na kitambaa chake cha zambarau, na juu yake mkate na kikombe vimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Dorika alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, kwa kuwa benchi halikumfaa tena, kati ya Laurenti na Pendo. Rukaiya alikaa nyuma kabisa.

Kwa kawaida kila anayerudi anasimama peke yake, mimi nasoma mstari, yeye anaurudia. Mchungaji alitazama saa yake, akainama upande wangu akaniambia wasome wote watatu kwa pamoja, mara moja, maneno ya ukurasa wa kwanza.

Nilifungua daftari. Karatasi ilikuwa pale pale nilipoiweka. Niliiona. Sitaki mtu anitetee kwamba nilisahau, maana wapo waliojaribu kunitetea hivyo. Nilichohitaji kusema kilikuwa kifupi: Mchungaji, mama Dorika ana maneno yake. Basi. Lakini angeuliza maneno gani, nani ameyapitisha, na ningelazimika kueleza mbele ya kanisa zima kwamba mimi, katibu wa miaka zaidi ya thelathini, ninayewakatalia watu kila kitu kwa sababu ya utaratibu, niliandika toba ya mtu nyumbani kwangu bila kumwambia mtu. Niliona haya. Nikajiambia kwamba Dorika atanyamaza kwenye mstari ule, wenzake watasema, na kwa sauti aliyokuwa nayo hakuna atakayejua. Nikaanza kusoma.

Mstari wa kwanza ulikwenda. Laurenti alisema kwa nguvu kama mtu anayenadi mbuzi, Pendo kwa aibu, Dorika kwa kuchezesha midomo. Wa pili ukaenda. Nikasoma wa tatu, niliishi katika uzinzi. Laurenti akasema. Pendo akasema. Dorika akafunga mdomo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusoma wa nne, mchungaji akainua mkono. Hakuwa na ubaya wowote; alikuwa anafanya kazi yake na anaifanya vizuri.

"Mama Dorika," alisema kwa upole, "hatujakusikia."

Dorika hakumtazama mchungaji. Alinitazama mimi. Alinitazama mpaka watu wakaanza kugeuka kuona anatazama nini, na mimi nikainamia daftari kana kwamba nilipoteza mstari. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na kinanda, hata watoto walikuwa wametulia. Kisha akageuza macho kwenye meza, kwenye kile kitambaa cheupe. Alikuwa amekuja Jumatano sita. Kijiko cha uji asubuhi ile, nilikuja kuambiwa baadaye, kilikuwa kimerudi mara tatu.

"Niliishi katika uzinzi," alisema.

Sauti iliyokuwa imepotea wiki mbili ilitoka. Haikuwa kubwa, lakini ilifika nyuma. Nilisikia benchi la mwisho likisogea. Rukaiya alisimama, akajifunika ushungi wake sawasawa, akatoka. Mlango aliufunga taratibu, kwa kuwa alilelewa vizuri na wazazi wawili.

Mchungaji akatamka kwamba wamerudishwa kundini. Watu wakaimba. Chakula kilipofika zamu yao, mchungaji alimega kipande kidogo mno, akakichovya kwenye divai, akakiweka mdomoni mwa Dorika. Mimi nilisimama karibu naye na kitambaa. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu, machozi yanamshuka, mkono umeshika koo. Wengine walipokea wakaondoka, wakaja wengine, naye bado alikuwa pale. Kama kilipita sijui. Alitikisa kichwa kwamba kimepita, nami nikaamua kumwamini.

Nje, Rukaiya alikuwa amesimama na dereva wa bodaboda, mgongo umetuelekea. Dorika alinishika mkono wa shati. Kunong'ona kwenyewe kulikuwa kazi.

"Mwambie," alisema.

Nikasema nitamwambia. Akatikisa mkono wangu.

"Leo."

Nikasema leo. Rukaiya akaja, akampandisha mama yake kwenye pikipiki kwa uangalifu ule ule wa siku zote, akapanda nyuma, akamshika kiunoni, wakaenda. Hakunitazama.

Sikwenda siku ile. Ijumaa Kuu kulikuwa na ibada ndefu na mimi nilikuwa na masomo ya kusoma. Jumamosi nikasema watu wapumzike. Pasaka ngoma zilitoka stoo, na nyimbo za furaha zikaimbwa mpaka saa saba. Jumatatu nilikuwa na wageni. Baada ya hapo sikuwa na sababu yoyote, nikaanza kutengeneza. Nilijiambia kwamba nikikiri kuwa maneno yale hayakuwa yake, neno litafika kwa wazee, wazee watasema toba haikuwa kamili, na Dorika atakufa huku jina lake linajadiliwa. Ilikuwa sababu nzuri. Ningeweza kuisimamia mbele ya baraza. Lakini nilichotakiwa kufanya ni kumwambia binti mmoja, kwenye ua wa kwao, maneno yasiyozidi dakika tano, na binti yule hakuwa na baraza lolote la kulipelekea habari.

Shamba langu la alizeti liko ng'ambo ya nyumba yao. Nilipita pale asubuhi nikienda na jioni nikirudi, kila siku. Dorika alikuwa akilazwa kwenye mkeka nje ya tembe, kivulini, kwa sababu ndani kulimkosesha pumzi. Aliponiona alijaribu kuinua mkono. Nami niliinua wangu, nikapita. Siku ya nne au ya tano niliona amejikokota akaegemea ukuta ili aione njia vizuri, na nilipotokea akainua mikono yote miwili. Nilimwitikia kwa sauti ya furaha kwamba anaonekana ana nafuu. Siku zilizofuata nilianza kupitia njia ya juu, ya mbali, lakini hata hiyo inaonekana kutoka kwao.

Editha, jirani yao, aliniambia kisimani kwamba nyumba ile inamtisha. Mama anaogeshwa kila asubuhi, nguo zake zinafuliwa, uji unachujwa kwa kitambaa, hakuna kitu anachokosa. Lakini hawaongei. Binti anafanya kazi zote kama mtumishi wa hospitali, halafu anakaa kando, amempa mama mgongo. Editha alijaribu kumuuliza, akaambiwa kila kitu kiko sawa. Mama naye sauti ilikuwa imekwisha kabisa, na kuandika hakujua zaidi ya jina lake. Editha akaniuliza kama mimi kama mwalimu nisingeweza kwenda kuzungumza nao. Nikasema nitaangalia nafasi.

Dorika alikufa Ijumaa mchana, siku ya ishirini na mbili tangu arudishwe kundini.

Alizikwa Jumapili, na kijiji hakijawahi kuona maziko mazuri kama yale kwa mtu wa hali yake. Kengele ilipigwa. Mchungaji alivaa joho jeupe. Kwaya iliyomkataa miaka yote ilimwimbia nyimbo nne, na ilikosa sauti ya pili. Ndugu wa Swalehe ndio waliochimba kaburi na kumshusha. Mimi nilisoma historia ya marehemu, kama ilivyo kazi ya katibu, na nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba alirudi kundini kwa toba ya kweli. Nilisoma sentensi hiyo bila kukwama. Rukaiya hakuwepo kaburini. Alikuwa jikoni na wanawake, anapika ugali wa waombolezaji.

Siku tatu baadaye, matanga yalipoisha na watu kutawanyika, nilikwenda. Nilimkuta uani anasugua masufuria ya kuazima ili ayarudishe kwa wenyewe. Alinawa mikono, akapiga goti, akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba. Akanitolea kigoda, akakaa chini.

Nilimwambia yote. Nilimweleza tulivyokubaliana, jinsi mchungaji alivyoniambia, jinsi nilivyoiona karatasi nikaipita. Nilimwambia mama yake alinitazama ili nimwokoe na mimi nikainama. Nilimwambia kwamba nje ya kanisa alinituma kwake, siku ile ile, na kwamba maneno yale kinywani mwake yalikuwa maneno yangu. Nililia, naona haya kusema, mzee mzima. Rukaiya hakulia. Alisikiliza kama alivyosikiliza maswali ya Fabiano, bila kunikatiza, mpaka nilipomaliza.

"Mwalimu, siku ishirini na mbili sikumpa mama yangu shikamoo," alisema. "Nilimwogesha, nilimnywesha, nilimgeuza. Shikamoo sikumpa. Alikuwa ananishika mkono asubuhi, anasubiri niseme, na mimi nautoa. Na wewe nilikuwa nakuona unapita."

Kisha akavuta sufuria lililofuata, akaendelea kusugua.